Glenda Jackson, mwigizaji aliyejua kuondoka

Glenda Jackson alishinda tuzo mbili za Oscar, ya filamu ya Women in Love na ya A Touch of Class, na zote mbili hakwenda kuzipokea. Sioni dharau hapo. Kwangu alikuwa mtu aliyeona kwamba kazi yake ilikwisha siku kamera zilipozimwa, na sherehe ni ya wengine.

Alizaliwa mwaka 1936 huko Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, baba yake akiwa mwashi. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akauza katika duka la dawa kwa miaka miwili, kisha akapata nafasi katika chuo cha uigizaji cha RADA, London. Baada ya chuo akasota muda mrefu, mara ana kazi, mara hana. Mambo yalianza kumnyookea mwaka 1964 alipojiunga na Royal Shakespeare Company, ambako mwongozaji Peter Brook alimpa nafasi ya Charlotte Corday katika mchezo wa Marat/Sade. Mwaka 1971 akawa Malkia Elizabeth wa Kwanza katika tamthilia ya BBC, na kwa ajili ya malkia huyo akakubali kunyolewa nywele za mbele.

Kisha mwaka 1992 akaliacha jukwaa. Aligombea ubunge wa Hampstead na Highgate kwa tiketi ya chama cha Labour, akashinda, akadumu bungeni miaka 23. Mtu aliyewahi kushangiliwa na kumbi nzima sasa alikuwa akisikiliza shida za makazi za wapiga kura wake. Alipinga vita vya Iraq ilhali serikali ilikuwa ya chama chake mwenyewe. Mwaka 2010 alirudi bungeni kwa tofauti ya kura 42 tu.

Hapo alipoliacha jukwaa ndipo huwa natua nikimfikiria. Wengi wetu, tukishajulikana kwa jambo moja, tunaling'ang'ania hata likiwa halitupi tena furaha, kwa kuhofia kuwa bila hilo sisi si kitu. Yeye alikuwa na miaka 55, jina kubwa, na akaanza upya mahali ambapo Oscar haisaidii lolote.

Mwaka 2016, akiwa na miaka 80, alirudi jukwaani katika ukumbi wa Old Vic. Hakuchagua nafasi nyepesi ya kupashia mwili moto: alicheza Mfalme Lear, mzee anayegawa ufalme wake akiwa hai na kuuona unavyomgeuka. Siamini kwamba ile miaka ya bungeni ilimpotea bure. Nani angemwelewa vizuri zaidi mtawala anayeachia madaraka?

Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 87. Kwangu mimi, kazi yake kubwa ya uzeeni ni Maud wa Elizabeth Is Missing, filamu ya BBC ya mwaka 2019. Maud ana maradhi ya kusahau, na anamtafuta rafiki yake ambaye haonekani. Nimemuuguza shangazi yangu mwenye maradhi hayo, na nimechoka kuona wazee wa namna hiyo wakioneshwa kama watoto wapole wa kuonewa huruma. Maud wa Jackson anafoka, anakataa kunyamazishwa, anadai kuaminiwa. Na kuhusu fumbo jingine, alilolibeba tangu ujana wake, Maud alikuwa na haki.