Stanley Alipokuwa Mateka

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imefika, pamoja na habari za yule mhamiaji, babu wa babu wa mkeo, aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani akatekwa. Unataka kuwaandikia wanao habari zake, na tayari umeshamwita shujaa. Taratibu. Mtazame kwanza mhamiaji mwingine wa vita hivyohivyo, Henry Morton Stanley.

Huku kwetu anatajwa kwa Unguja, Bagamoyo na Ujiji ya 1871. Miaka tisa kabla ya hapo alikuwa mateka Chicago.

Alizaliwa John Rowlands huko Denbigh, Wales, mwaka 1841, akalelewa katika nyumba ya maskini, akavuka bahari akiwa kijana hadi New Orleans. Vita vilipoanza 1861 alikuwa karani wa duka Arkansas. Vijana wenzake walijiandikisha, yeye akakaa. Ndipo, kwa maelezo yake mwenyewe, akaletewa kifurushi. Kukifungua, kina shimizi na gauni la ndani la kike. Fedheha ile ikamwingiza katika kikosi cha 6 cha Arkansas, upande wa Kusini uliotetea utumwa.

Aprili 6 na 7, 1862, akawa Shiloh, Tennessee. Waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa na kupotea kwa pande zote walizidi 23,000. Siku ya pili alitangulia mbele ya wenzake bila kujua, akajikuta kati ya makoti ya buluu ya askari wa Kaskazini, akatekwa.

Akapelekwa Camp Douglas, Chicago, iliyokuwa kambi ya mafunzo kabla ya kufanywa ya mateka. Maji yalituama, vyoo vilikuwa vya hovyo, na mpaka vita vinakwisha zaidi ya watu 4,000 walikuwa wamefia humo. Stanley anasimulia maiti zikipakiwa mkokotenini asubuhi. Njia ya karibu ya kutoka ilikuwa kula kiapo na kuvaa koti la aliyekuteka. Juni akakubali, akaingia kikosi cha mizinga cha Illinois. Mwezi haukuisha, kuhara damu kukamwangusha, akaachishwa jeshi huko Harpers Ferry. Mwaka 1864 akajiunga na wanamaji wa Kaskazini; Februari 1865 akatoroka.

Msaliti? Mimi simwiti hivyo. Takriban robo ya askari wa Kaskazini walizaliwa ng'ambo, na si kila mmoja alikuja na msimamo mfukoni. Ninachomlaumu ni ulimi: kwa miaka mingi alidai kuzaliwa Marekani, na kitabu cha maisha yake, alichokitoa mkewe 1909, kimewatoa jasho wanaokilinganisha na rejista.

Kwa hiyo usitosheke na masimulizi ya ukweni. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Washington ina kadi za askari: lini aliandikishwa, wapi alitekwa, lini aliachiwa. Kama alikuwa wa Kaskazini, tafuta na faili la pensheni. Humo wajane walithibitisha ndoa zao na majirani wakatoa ushahidi. Ukikuta alibadili koti, andika alilibadili, na tarehe yake. Ukikuta alipigania Kusini, usiwafiche wanao, ambao nusu ya damu yao ni yetu.

Nakala ya kwanza niletee mimi. Mama yako naye anaitaka, ila kwa herufi kubwa.

Ni mimi mjomba wako.