Farasi Bora wa Barazani Kwetu

Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha, baraza ya mawe iliyo mbele ya nyumba yetu katika Mji wa Kale hujaa wazee. Huletwa dele la kahawa chungu, tende na kisahani cha haluwa, na mazungumzo huendelea mpaka usingizi unapoanza kuwaita mmoja mmoja. Sisi, mama yetu na mabinti zake watatu, hukaa orofani kwenye roshani, tukikunja nguo au tukichambua mchele wa kesho, na kila neno la barazani hutufikia.

Kwa miaka mingi baraza hiyo imekuwa na mjadala mmoja usiokwisha: ni farasi yupi wa mbio aliyekuwa bora kuliko wote tangu mbio zianze? Wasomaji wetu huenda wakashangaa. Vichochoro vyetu ni vyembamba hata mkokoteni hupita kwa kuombwa njia. Wanyama wa kupandwa tuwajuao ni ngamia wa watalii kule ufuoni, na punda wa Lamu, ambao mashindano yao wakati wa Maulidi huwatoa watu majumbani. Mbio za farasi, katika nchi yetu, ni mambo ya Nairobi, katika uwanja wa Ngong.

Aliyetuletea mjadala huo ni ami yetu. Alikwenda Dubai kutafuta maisha akiwa kijana, akafanya kazi katika mazizi ya farasi wa mbio kwa zaidi ya miaka ishirini, akarudi na albamu ya picha, goti bovu, na mapenzi ambayo hakuna daktari awezaye kuyatibu. Kwake yeye hakuna farasi kama Dubai Millennium. Alikuwapo katika uwanja wa Nad Al Sheba mwaka 2000, farasi huyo aliposhinda Kombe la Dunia la Dubai kwa urefu wa farasi 6, akikata mita 2,000 kwa muda uliopungua dakika 2. Alikimbia mara 10 akashinda mara 9; aliposhindwa ni mara moja tu, katika Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 1999. Mwaka 2001 aliugua maradhi ya nyasi, akafa kabla hajawaona wanawe. Ami hufika hapo akanyamaza, akajimiminia kahawa.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, hakubali. Yeye ni wa Secretariat, yule farasi mwekundu wa Marekani aliyeshinda mbio za Belmont mwaka 1973 kwa urefu wa farasi 31. Alitumia dakika 2 na sekunde 24 kwa maili moja na nusu, na katika mbio zile hakuna aliyeufikia muda huo mpaka leo. Ami humjibu kwamba Secretariat alikimbia mara 21 akashinda 16 tu. Mwalimu humjibu kwamba bingwa hupimwa kwa siku yake ya kilele, si kwa hesabu ya duka.

Ndipo huingia kijana wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa, mwanafunzi wa chuo. Wazee walimruhusu kuketi pembeni kwa sababu ya adabu yake na kumbukumbu yake. Yeye alikuwa wa Frankel, aliyekimbia mara 14 kati ya mwaka 2010 na 2012 na asishindwe hata mara moja. Mmiliki wake, kijana hupenda kukumbusha, alikuwa mwana wa kifalme wa Saudia, Khalid Abdullah.

Nasi wa roshani hatukukaa kimya daima. Usiku mmoja mama alimtuma mjukuu wake mdogo ashuke aulize: Je, majike hawakukimbia? Vicheko vilipotulia, tuliwapelekea jina la Winx, farasi jike wa Australia, aliyestaafu mwaka 2019 baada ya kushinda mbio 33 mfululizo. Tuliongeza kwamba Waarabu wa majangwani, waliokuwa mabingwa wa kutunza nasaba za farasi, walizihesabu nasaba hizo kwa upande wa mama. Wazee walikaa kimya kitambo kizuri.

Neno hilo la nasaba ndilo lililoufanya mjadala huu uwe wetu. Mwaka 1704, dume mmoja wa Kiarabu alinunuliwa Halab, katika nchi ya Shamu, na mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Thomas Darley, akapelekwa kwao Uingereza. Farasi huyo, pamoja na madume wengine wawili wa mashariki waliofika huko karibu na zama hizo, ndio ambao farasi wote wa mbio wa nasaba hii hurudi kwao kwa upande wa baba. Na walio wengi mno hurudi kwa huyo wa Halab, akiwamo Secretariat, akiwamo Frankel, akiwamo Dubai Millennium. Basi ami husema: mnabishana kuhusu ndugu.

Tuliupenda mjadala huo. Tuliona fahari kwamba kijana wetu huketi na wazee badala ya kuzurura. Fahari hiyo ndiyo iliyotufumba macho.

Usiku mmoja mwaka jana, ami alikuwa akisimulia habari za mbio za zamani. Kijana akasema, kama aliyesahau yuko wapi, kwamba farasi fulani atashinda huko Uingereza kesho saa kumi. Akataja na malipo yake: shilingi ngapi kwa kila shilingi mia. Kule juu, dada yetu mkubwa aliacha kuchambua mchele. Chini, ami aliuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, hayo ya malipo umeyajuaje?" Kijana hakujibu. Simu yake ilikuwa mkononi, kioo kikiwaka.

Yaliyofuata hatutayaandika yote. Itoshe kusema kwamba karo ya muhula, shilingi 38,000 ambazo mama yake alizikusanya kwa kupika mahamri na viazi vya karai alfajiri hadi alfajiri, haikufika chuoni. Ilikwenda kidogo kidogo kwa simu, shilingi mia leo, mia tano kesho. Na kilichotuumiza zaidi ni kwamba, kwa kukiri kwake mwenyewe, fedha nyingi hazikuwekwa hata juu ya farasi wa kweli. Mbio za kweli zilikuwa chache mno kwake. Aliweka juu ya farasi waliochorwa na kompyuta, wanaokimbia kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Farasi hao hawana mama wala baba. Hawachoki, wala hawaugui. Kijana aliyeijua nasaba ya Frankel kwa vizazi alipoteza karo yake kwa farasi wasiokuwapo.

Dada yetu alilia usiku ule. Asubuhi yake tulikutana sebuleni, ami naye akaitwa. Alikuja amejiandaa kutoa mawaidha, na mawaidha yenyewe yalikuwa ya haki. Alieleza kwamba dini yetu haikuchukia farasi wala mashindano. Qur'ani Tukufu imewataja farasi wa vita wakihema na kwato zao zikitoa cheche, katika Suratul Aadiyaat. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi Madina: waliofunzwa mbio walipewa masafa marefu, na wasiofunzwa wakapewa mafupi, ili kila mmoja apate haki yake. Bin Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopanda. Zawadi kwa mshindi, itolewayo na kiongozi au mtu asiyeshindana, imeruhusiwa. Lakini mtazamaji kuweka fedha zake juu ya mnyama wa mwenzake, akitaraji kuondoka na fedha za watu, hiyo ni kamari, nayo imekatazwa pamoja na ulevi katika aya moja.

Mama yetu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja tu: "Shemeji, na ile haluwa ya barazani hulipwa na nani?"

Ami aliinamisha kichwa. Sote tulijua jibu. Kila usiku wa mjadala, wazee walihesabu kura, na ambaye farasi wake amepata kura chache ndiye aliyelipia haluwa ya wiki inayofuata. Nasi wa roshani tulikuwa tukipiga kura kwa vicheko, na haluwa ya aliyeshindwa tukaila. Hakuna aliyewahi kuiita kamari, kwa kuwa ilikuwa tamu, ilikuwa ndogo, na ilikuwa baina ya jamaa. Kijana alikuwa akitazama tangu ana umri wa miaka kumi na miwili.

Hatusemi kwamba haluwa ndiyo iliyomtia kijana katika simu. Kosa lake ni lake, naye hakulikana. Lakini tulipotafuta mlango alioingilia, tuliona kwamba ulikuwa wazi nyumbani kwetu, nasi ndio tulioupaka rangi.

Jioni ile ami alimketisha kijana na kumsimulia habari za ngamia jike wa Mtume aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuna aliyekuwa akimpita. Akaja Bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu. Mtume akawafahamisha kwamba hakuna kitu kinachopanda katika dunia hii ila ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kukishusha. Wahenga wetu nao wakasema, aliye juu mngoje chini. "Nilipokuwa kule mazizini," ami alimwambia, "sikumwona farasi asiyeshuka. Dubai Millennium alikuwa juu kuliko wote, akafa kwa ajili ya majani. Mimi nilimpenda, sikumwekea hata dirhamu moja. Kule uwanjani watazamaji hawakuruhusiwa kuweka fedha, na watu walijaa vilevile."

Karo ilipatikana kwa kuchangiana. Kijana huirudisha kidogo kidogo. Kila Jumamosi husaidia katika duka la vitambaa la jamaa yetu karibu na Marikiti, na hamali wa zamu yake huwa ni yeye. Simu yake kwa muda ilikaa kwa mama yake. Bado kuna siku anapoketi kimya, nasi hujua anapigana na nafsi yake. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Tunamwombea achague mmoja, na kila siku achague tena.

Baraza imeendelea. Haluwa sasa hununuliwa kwa zamu, kila nyumba na wiki yake, awe farasi wake ameshinda au ameshindwa. Kura zimefutwa. Kijana amerudi pembeni pake. Wiki iliyopita aliwaambia wazee kwamba Dubai Millennium aliacha watoto wa msimu mmoja tu, na miongoni mwao alikuwa Dubawi, ambaye uzao wake umejaa katika viwanja vya dunia. Ami hakuweza kuficha machozi. Mwalimu alisema hilo halimwondoi Secretariat. Mama alimtuma mjukuu wake ashuke aulize jina la mama yake Dubawi.

Kijana alilijua. Alisimama, akatazama juu kwenye roshani, akalitaja: Zomaradah.

Enyi wazazi wenzetu, watoto wetu wanajua mengi. Tufurahi kwa wanayoyajua, kisha tuwaulize kwa upole wameyajuaje, na tujiulize sisi walituona tukifanya nini. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu, na riziki zetu azitie baraka. Amin.