Mpira wa Ekseli

Katika gari livutwalo na magurudumu ya mbele hakuna kitu kinyonge kuliko mpira uvikwao kiungo cha ekseli. Umekunjwa makunjo kama mvukuto wa mhunzi, ukafungwa kwa vibano viwili. Walakini siku upasukapo, chuma kigumu kilichomo ndani yake hakina maisha marefu.

Kiungo chenyewe ni cha aina iliyobuniwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford nchini Marekani, katika miaka ya 1920. Ndani yake mna gololi sita zitembeazo katika mifereji, nazo hulizungusha gurudumu kwa mwendo ule ule hata likikatwa kona kwa digrii 45 hivi. Gari dogo la Mini, lililotoka Uingereza mwaka 1959, lilikuwa na viungo vya namna hiyo.

Gololi huishi kwa grisi, na grisi hukaa kwa hifadhi ya mpira. Mpira ukichanika, mzunguko wa ekseli huitupa grisi nje, vumbi na maji vikashika mahali pake. Dalili ya kwanza ni weusi wa grisi upande wa ndani wa gurudumu. Ya pili ni mlio wa ta-ta-ta gari likatapo kona. Asiyeinama kutazama husubiri ya pili, na hapo mpira mpya kwa kawaida hauponyi tena.

Kazi hii napenda kuifanya mwenyewe. Nati kubwa ya katikati hulegezwa magurudumu yakiwa bado ardhini, kwa maana nguvu itakiwayo yaweza kuliangusha gari lililo juu ya jeki. Kisha gari huinuliwa na kuwekewa vigingi vya chuma. Jeki peke yake haifai kuaminiwa na mtu mwenye watu wanaomtegemea. Gurudumu hutolewa, boljointi huachanishwa, kitovu huvutwa nje, ekseli ikachomoka. Kiungo hugongwa kwa nyundo, na kipande cha shaba katikati, mpaka pete ndogo ikishikiliayo iachie.

Hapo ndipo penye hukumu. Grisi ya zamani hufutwa yote, na kila gololi hutazamwa juani. Ikiwa laini, kiungo kitadumu. Ikiwa na vidonda, au ukucha ukikwama katika mfereji, kiungo chote hubadilishwa. Wako wauza vipuri wamshaurio mtu kununua ekseli nzima kabla ya kutazama chochote. Wako na mafundi wavishao mpira mpya juu ya mchanga. Wa kwanza humpotezea mtu fedha tu. Wa pili nawaona wabaya zaidi, kwa kuwa huuficha ubovu mahali ambapo hapana atakayeutafuta. (Mipira iliyopasuliwa na kugundishwa kwa gundi, ambayo huvikwa bila kutoa ekseli, siisifu: haimpi mtu nafasi ya kuona.)

Kibano kidogo na mpira hutangulia, kisha kiungo, chenye grisi nyeusi ya molibdenamu iliyojazwa mpaka kati ya gololi. Vibano hukazwa, nati mpya hufungwa kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Kisha huliendesha polepole uwanjani, duara la kulia na duara la kushoto, madirisha wazi, nikisikiliza.