Kicheko cha Chale

Nilimwona Charlie Chaplin kwa mara ya kwanza mwaka 1959, nikiwa mtoto wa miaka minane, nimekaa mchangani mbele ya shuka jeupe lililotandazwa kati ya miembe miwili. Gari la sinema la serikali lilikuwa limefika kijijini kwetu, upande wa Korogwe, na jenereta lake lilinguruma nyuma yetu. Kwanza tulionyeshwa namna ya kuchimba choo na namna ya kujikinga na mbu. Wazee walitazama kwa adabu, watoto tukasinzia. Kisha fundi akabadilisha mkanda, na hapo akatokea mtu mfupi mwenye kofia ya duara, masharubu mafupi, koti la kubana, suruali ya kupwaya na viatu vikubwa mno kwa miguu yake, akitembea kama bata huku akizungusha bakora. Kijiji kizima kikaamka. Bibi yangu, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu afiwe na babu, alicheka usiku ule mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

Sisi hatukumwita Charlie Chaplin. Tulimwita Chale. Mpaka leo mtu mwenye kazi ya kuchekesha watu huitwa chale katika Kiswahili. Neno limo ndani ya kamusi, na wengi tunaamini kuwa limetokana na jina lake. Ni watu wachache duniani walioacha jina lao ndani ya lugha wasiyoijua. Kwa hiyo ninapoandika juu yake siandiki juu ya mgeni. Naandika juu ya mtu aliyeingia nyumbani kwetu, akakaribishwa, akapendwa. Na wahenga walisema, ukipenda chongo utaita kengeza.

Alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Baba yake alikuwa mwimbaji aliyeshindwa na ulevi, akafa mwaka 1901. Mama yake, Hannah, naye aliimba majukwaani mpaka sauti ikamharibikia; baadaye na akili pia. Mwaka 1896, Charlie akiwa na miaka saba, mama na wanawe waliingia katika nyumba ya mafukara ya Lambeth, mahali ambapo serikali ya Uingereza iliwalisha maskini kwa kuwatenga na kuwafanyisha kazi. Mtoto huyu alijua njaa, alijua viatu vya kuazima, na alijua namna mwenye nacho anavyomtazama asiye nacho. Alipoanza kuigiza katika filamu huko Marekani mwaka 1914, aliyajua yote aliyoyaonyesha. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1916, alitia saini mkataba wa kulipwa dola 670,000 kwa mwaka mmoja, na bado ulimwengu mzima ulimtambua kwa suruali ya kuchanika.

Kazi yake haikuwa mzaha mtupu. Katika filamu ya City Lights ya mwaka 1931 kuna msichana kipofu anayeuza maua, ambaye anamdhania yule mzururaji kuwa tajiri. Inasemekana onyesho lile la kukutana kwao lilirudiwa zaidi ya mara 300 mpaka Chaplin aliporidhika. Katika Modern Times ya mwaka 1936 alimwonyesha mfanyakazi wa kiwandani anayegeuzwa kuwa sehemu ya mashine. Wakata mkonge wa kwetu hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Na mwaka 1940, wakati wakubwa wengi walikuwa bado wanapima maneno, alitoa The Great Dictator, akamfanya Hitler kuwa kichekesho mbele ya dunia nzima. Hayo ni matendo ya mtu mwenye moyo.

Kwa sababu hizo nilimfanya kuwa mwalimu mwenzangu. Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, niliwaonyesha wanachuo filamu zake ili wajifunze kusema na darasa bila kutumia mdomo. Nilikuwa nikiwaambia: mwalimu anayejua kutumia macho, mikono na mwendo wake hatahitaji fimbo. Mwaka 2005 niliwaonyesha The Kid, filamu ya mwaka 1921, inayosimulia habari za mzururaji anayemlea mtoto aliyetupwa. Karibu na mwisho mzururaji anasinzia mlangoni na kuota kwamba mtaa wao umekuwa peponi, na watu wote wana mabawa. Malaika mmoja, msichana mrembo, anamchezea macho. Darasa lilicheka. Mkanda ulipokwisha, mwanachuo mmoja wa kike akanyoosha mkono.

“Samahani, mwalimu. Yule malaika alikuwa na miaka mingapi?”

Nikamjibu kuwa sijui. Yeye alijua; alikuwa amesoma mahali. Akasema, “Kumi na miwili. Na alipofika kumi na sita, huyu bwana alikuwa ameshampa mimba.” Darasa likanyamaza. Nikasema neno la kulimaliza jambo, kwamba tulikuwa tunasoma mbinu za kufundishia, si maisha ya watu. Akakaa. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nikaanza kutafuta.

Aliyosema yalikuwa kweli. Msichana yule alijulikana katika filamu kwa jina la Lita Grey. Mwaka 1924, akiwa na miaka 15, Chaplin alimwajiri awe mwigizaji mkuu wa kike katika The Gold Rush. Akashika mimba. Novemba mwaka uleule Chaplin alimwoa, kwa siri, huko Mexico. Bibi harusi alikuwa na miaka 16, bwana harusi 35. Nafasi yake katika filamu akapewa mwingine. Alizaa wana wawili, na ndoa ikavunjika mwaka 1927 kwa kesi ambayo hati yake ya madai ilichapishwa na kuuzwa mitaani kama kijitabu cha kuburudisha. Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1918 Chaplin, mwenye miaka 29, alimwoa Mildred Harris wa miaka 16. Mtoto wao aliishi siku tatu tu. Mwaka 1943, akiwa na miaka 54, alimwoa Oona O'Neill wa miaka 18, na ndoa hiyo ilidumu kwa mapenzi mpaka kifo chake. Naitaja na hii kwa sababu haki inataka yote yatajwe.

Nilijaribu kumtetea. Nilisema, nyakati zile zilikuwa nyingine. Kisha nikagundua kwamba katika jimbo la California, tangu mwaka 1913, sheria ilikataza mtu mzima kulala na msichana asiye mkewe aliye chini ya miaka 18. Harusi ile ya haraka ng'ambo ya mpaka ilikuwa ya mtu anayejua kuwa jela inamnyemelea. Nyakati hazikuwa nyingine hata kidogo. Aliyekuwa mwingine ni yeye, kwa kuwa alipendwa.

Nikasema tena, maadui wake walimzulia mengi. Hili lina ukweli. Mwanamke mmoja, Joan Barry, alidai kuwa amezaa naye. Vipimo vya damu vilionyesha kuwa mtoto si wake, na bado mahakama iliamua kuwa ni wake na ikamtaka amtunze. Serikali ya Marekani ilimshuku kuwa mkomunisti, na Septemba 1952, akiwa melini kuelekea Uingereza, ilimfutia kibali cha kurudi. Akahamia Uswisi. Alionewa, naam. Lakini angalia lililowapata wasichana katika vita hiyo. Waliomchukia kwa siasa zake walizitumia habari zao kama mawe ya kumrushia. Waliompenda walisema mawe hayo yote ni ya siasa, wakayatupa kando. Hakuna upande uliowauliza wenyewe.

Mwaka 1964 Chaplin alitoa kitabu kinene cha maisha yake. Ndani yake ameeleza vyumba alivyolala utotoni na wakubwa aliokula nao. Ndoa yake na Lita Grey imepewa sentensi chache tu, na jina la mke huyo, mama wa wanawe wawili wakubwa, halimo. Mwaka 1972 Marekani ilimwita na kumtunuku Oscar ya heshima, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi kwa dakika nyingi. Mwaka 1975 Malkia wa Uingereza akampa cheo cha Sir. Akafa siku ya Krismasi, 1977. Lita Grey alifariki mwaka 1995, na mara nyingi akitajwa hutajwa kama mkasa uliompata mtu mkubwa.

Sasa lazima niseme kwa nini sikulala usiku ule.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari. Tulikuwa na mwalimu ambaye kila mtu alimpenda. Aliwafundisha wanafunzi ngonjera na maigizo, na alipopanda jukwaani siku ya wazazi, hata afisa elimu alishika mbavu. Msichana mmoja wa kidato cha pili, hodari katika kundi lake la maigizo, akaonekana ana mimba. Alipoulizwa alimtaja mwalimu huyo. Mimi niliamini kuwa anasema kweli. Nataka hilo lieleweke. Siku hiyohiyo niliandika barua mbili. Ya kwanza ilimfukuza msichana shule, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Ya pili ilimwombea mwalimu uhamisho kwa sababu za kifamilia, na ndani yake nikamsifu kuwa ana kipaji adimu ambacho taifa lisikipoteze. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi: shule ilipata utulivu, mwalimu alipata kituo kipya, nami nilipata usingizi. Mzigo ulimwagikia mmoja.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye stendi ya mabasi. Alikuwa na binti mkubwa pamoja naye. Akanipa shikamoo kwa magoti kidogo, kama tulivyowafundisha. Nikaitikia marahaba, na sikupata neno jingine. Basi lake likaja.

Watu wanapozungumza juu ya wenye vipaji waliokosea, hupenda kuleta mizani. Mema yanawekwa huku, mabaya kule, kisha tunatazama upande upi umezama. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, na siku zote Chaplin alishinda, maana nani atashindana na kicheko cha bibi yangu? Lakini mizani hiyo ni ya udanganyifu. Kicheko tulipewa sisi; gharama walilipa wengine. Mtu akikupa zawadi kwa fedha alizomwibia jirani, huna mamlaka ya kusema kuwa deni la jirani limekwisha kwa sababu zawadi ilikuwa nzuri. Sisi watazamaji hatuwezi kusamehe kwa niaba ya Lita Grey, kwa kuwa tulishalipwa. Wala mimi sikuwa na haki ya kukitoza kipaji cha mwalimu yule katika maisha ya mtoto wa watu.

Sisemi kwamba filamu zichomwe moto. Kicheko cha kijiji chetu mwaka 1959 kilikuwa halali, na mkate wa njaa ya Lambeth ulioonyeshwa katika filamu zile ni wa kweli. Ninachosema ni kwamba mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja, na la pili lisitumike kulifuta la kwanza, wala la kwanza lisitumike kulificha la pili. Kiswahili chenyewe kinatukumbusha. Chale ni mchekeshaji. Chale pia ni mkato wa wembe mwilini, ambao alama yake haitoki. Neno ni lilelile, tena linatamkwa kwa sauti ileile.

Novemba 2021 Serikali yetu ilitangaza kwamba msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya mimba anaweza kurudi shuleni. Niliposikia tangazo hilo redioni nilizima redio, nikatoka nje, nikakaa chini ya mti. Lilikuwa jambo jema, lililochelewa miaka 35 kwa mtu mmoja ninayemjua.

Wajukuu wangu wanampenda Chale kama nilivyompenda. Tunapotazama The Kid na malaika yule akatokea, husimamisha picha na kuwaambia: huyu anaitwa Lita Grey, alikuwa na miaka 12, na baadaye yakampata haya na haya. Wakubwa huuliza maswali, nami hujibu. Kisha tunaendelea kutazama, na hucheka tena, ingawa si kama mwanzo.

Jina la mwanafunzi wangu silitaji hapa, kwa kuwa si langu la kutoa. Lakini kama kitabu hiki kitamfikia, atajijua. Na ajue kwamba alisema kweli, kwamba niliamini tangu siku ile, na kwamba barua zote mbili niliziandika mimi kwa mkono wangu.