Frateri, Vyombo Bado



Krismasi iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, Kibosho. Kama ilivyo desturi yetu Wachagga, ndugu walipanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, mbuzi akachinjwa, mbege ikazunguka kwenye kata. Jioni mjomba aliniomba niwasalimie wageni. Nikasimama na kusema kwa sauti ya mimbarini: "Niombeeni niwe chombo cha Mungu." Wakapiga makofi. Nikarudi kuketi na wazee.

Bibi hakupiga makofi. Alinionyesha rundo nyuma ya jiko, ambako dada zangu wawili walikuwa wakihangaika tangu asubuhi. "Frateri," akasema, "vyombo bado."

Nilicheka nikidhani ananitania. Kwetu mwanaume haoshi vyombo mbele ya wageni, sembuse frateri. Bibi akaongeza: "Chombo kinachoogopa maji, nani atakitilia kitu?"

Nikakunja mikono ya shati.

Mikono ikiwa kwenye povu, nililitafakari neno lenyewe. Jikoni kumejaa majina ya wageni: sahani na sufuria yametoka Kiarabu, meza Kireno. Hata sakristia ina kalisi, kutoka Kilatini. Lakini chombo ni neno letu la Kibantu. Ni ki-ombo, "ki" ikikutana na irabu huwa "ch", na "vi" huwa "vy", kama chakula na vyakula. Limo katika ngeli moja na kisu, kiti, kijiko na kikombe.

Sisi wa mlimani tukisikia vyombo tunafikiria jikoni. Mtu wa pwani hufikiria pia jahazi na mashua. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kwa chombo kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1890 wakafika Kilema, huku kwetu. Leo tunavyo vyombo vya usafiri na vyombo vya habari. Katika matumizi yote hayo naona jambo moja: chombo hubeba kisicho chake, kwa ajili ya mwingine. Sahani haili, na jahazi halina safari yake lenyewe.

Katika Matendo ya Mitume, Bwana alimwambia Anania kwamba Sauli ni chombo chake, akataja mara moja kazi ya kubeba jina lake na mateso yatakayofuata. Makofi hayakutajwa. Paulo mwenyewe aliwakumbusha Wakorintho kwamba vyombo hivi ni vya udongo. Hazina ndiyo ya Mungu.

Mimi nilitaka kuwa chombo cha kuonyeshwa kabatini, huku dada zangu wakibeba sikukuu nzima.

Nilipomaliza, Bibi aliinua sufuria ya nyama, akapitisha kidole ndani, akanionyesha mafuta.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.