Mkungu wa Ndizi

Sherehe na sadaka ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akifurahi hutamani kutoa, na akitoa kwa hiari hufurahi. Walakini ndugu wa tumbo moja nao hugombana, na siku wanapogombana anayeumia aghalabu ni yule asiye na sauti ya kujitetea. Habari hii ni ya shule moja ya Kikatoliki katika wilaya ya Rungwe, na ya mtu aliyeijua shule hiyo kwanza akiwa mwanafunzi, baadaye akiwa mwalimu. Majina yao hayana haja ya kutajwa, kwa kuwa yaliyotokea hapo hutokea popote penye nia njema na utaratibu usiofikiriwa.

Mji wa Tukuyu, ambao zamani za utawala wa Wajerumani uliitwa Neu-Langenburg, umekaa penye ardhi ya volkano karibu na mlima Rungwe, ambao kilele chake hukaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya huko ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania, na ukungu hushuka hata mchana. Ardhi hiyo hutoa chai, kahawa, viazi, maharage na parachichi. Lakini zao lililo mlangoni pa kila mtu ni ndizi. Ni nadra kuiona nyumba ya kijijini isiyozungukwa na migomba. Msomaji na alishike jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yetu.

Injili ilifika Rungwe mwaka 1891 kwa mikono ya Wamoravian na ya Walutheri wa Berlin. Wakatoliki walichelewa. Misioni yao ya Tukuyu ilianzishwa mwaka 1932; mwaka 1949 ikachukua jina la Mbeya, mwaka 1953 ikawa jimbo, na mwaka 2018 jimbo kuu. Kwa sababu hiyo Mkatoliki wa Rungwe amezoea kuwa jirani kati ya majirani wengi. Katika sikukuu ya shule yake, mzazi Mmoravian huketi benchi moja na mzazi Mkatoliki, na mtoto wa Mlutheri huimba katika kwaya bila mtu kumwuliza amebatizwa wapi. Basi aibu impatayo mtu mahali kama hapo huonwa na mji mzima.

Sikukuu kubwa ya shule hiyo ilikuwa ile ya somo wake, yaani mtakatifu ambaye shule ilipewa jina lake. Asubuhi watoto walipangwa mistari miwili wakaandamana nyuma ya msalaba, sare zimepigwa pasi na viatu vimepakwa rangi. Misa ilisomwa, kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele. Baada ya chakula na michezo ndipo lilipokuja changizo kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo katika hospitali ya misioni. Changizo hilo lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza zilifunguliwa bahasha, na kila moja ikasomwa kwa jina la mwanafunzi na kiasi kilichomo. Makofi yakawa mengi au machache kwa kadiri ya fedha. Kisha vikanadiwa vitu vilivyoletwa na wale wasio na fedha taslimu: kuku, mayai, maharage, vikapu na mikeka.

Hapana mtu mwenye haki ya kuidharau desturi hiyo. Jogoo mmoja aliweza kuuzwa mara tatu, kwa maana mnunuzi alilipa, akamrudisha mezani, naye akanadiwa tena. Hivyo jogoo mmoja akazaa fedha ya majogoo watatu. Fedha hiyo ilinunua dawa na mablanketi, na wapo watu walio hai kwa ajili yake. Dalali alikuwa mtu mcheshi, na kicheko kilifungua mifuko ambayo hotuba isingeifungua.

Mtoto anayesemwa hapa alikuwa na umri wa miaka 12. Baba yake alikuwa amefariki, na ada yake ililipwa na parokia, hata viatu alivyovaa alinunuliwa na parokia. Mwaka ule hakuwa na bahasha. Mama yake aliamka alfajiri, akakata mkungu mkubwa kuliko yote iliyokuwa shambani, akaufunga kwa majani makavu ya mgomba, akaubeba kichwani kwa njia ya mlima yenye utelezi, akauweka mezani pamoja na vitu vingine, kisha akaenda kuketi nyuma kabisa.

Zamu ya mkungu ilipofika, dalali aliuinua kwa mikono miwili akauliza ni nani aliyechoka na migomba yake mwenyewe. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu ni kweli. Katika nchi ambayo kila mtu ana ndizi, nani atanunua ndizi? Hakuna aliyetaja bei. Dalali, akitaka kuamsha mnada, akauliza, "Mkungu huu ni wa nani?"

Mtoto alijua kwamba ni wajibu wake kusimama. Aliinamisha macho akatazama viatu vyake, akanyamaza. Dalali aliuliza mara ya pili. Ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka nyuma ikasema, "Ni wangu." Katekista mmoja mwenye huruma aliununua kwa bei ndogo, akaondoka nao. Hakuurudisha mezani unadiwe tena.

Njiani kurudi nyumbani mama hakumkemea mwanawe, wala hakumwuliza kwa nini alinyamaza. Alisema neno moja tu, tena kama mtu asemaye peke yake: "Nilidhani wagonjwa watakula."

Yule mtoto alikua, akasoma chuo cha ualimu, na baada ya miaka mingi akarudi kufundisha katika shule ile ile. Kicheko cha watu alikuwa amekisamehe zamani. Jambo ambalo hakuweza kulisamehe lilikuwa lake mwenyewe. Kila Kwaresima iliposomwa habari ya Petro, aliyeulizwa mara tatu akakana kabla ya jogoo kuwika, alihisi kwamba habari ile inasomwa mbele ya watu wote lakini imeandikwa kwa ajili yake.

Mkuu wa shule alimpa ulezi wa kundi la Utoto Mtakatifu, naye akajifunza asili yake. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, na mwaka 1922 Papa Pius XI akalipa hadhi ya shirika la kipapa. Askofu yule aliwaomba watoto wawasaidie watoto wenzao wa mbali kwa mambo mawili: Salamu Maria moja kila siku, na sarafu ndogo kila mwezi. Mwalimu alikifikiri sana kipimo hicho. Kilikuwa kidogo kwa makusudi, ili mtoto wa maskini asibaki nyuma wala mtoto wa tajiri asitangulie. Aliyekiweka alifahamu kwamba mtoto hufundishwa kutoa kwa kutoa. Na kwamba akiaibishwa siku ya kwanza, hujifunza kujificha.

Basi mwaka alipowekwa katika kamati ya sikukuu, alileta mashauri mawili. La kwanza, bahasha zisisomwe majina. Fedha yote iwekwe katika sanduku moja na jumla yake itangazwe. La pili, chakula kilicholetwa kisinadiwe, bali kipelekwe hospitali kama kilivyo. Yeyote aliyewahi kuuguza anajua kwamba katika hospitali nyingi za nchi hii mgonjwa hulishwa na jamaa zake. Na asiye na jamaa karibu hutegemea ukarimu wa jamaa wa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mtunza hazina wa kamati alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye maneno machache yenye uzito. Alimsikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, dawa hainunuliwi kwa ndizi. Majina yakisomwa watu hutoa zaidi. Nimeona kwa macho yangu miaka yote. Mgonjwa haulizi kama aliyetoa alijivuna. Na Bwana mwenyewe aliketi kulielekea sanduku la hazina, akawatazama watu wakitoa."

"Ni kweli, Mama," mwalimu alijibu. "Aliwatazama, akamsifu mjane aliyetoa sarafu mbili. Lakini jina la mjane yule hatulijui hata leo."

Mzee mmoja wa Kinyakyusa, ambaye hakuwa Mkatoliki, aliomba kusema. Aliwakumbusha kwamba wazee wao waliishi katika vijiji vya marika, watu wa umri mmoja wakijenga pamoja na kula pamoja, na kwamba neno lao ukwangala, furaha ya kuwa pamoja na wenzio, lilikuwa miongoni mwa sifa kubwa za utu. Jambo hili limeandikwa pia na Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey katika nchi ya Wanyakyusa miaka ya 1930. Kitabu chake cha mwaka 1951 alikiita Good Company kwa ajili ya maana hiyo. Mzee alisema kwamba alaye na wenzake haulizwi ameleta nini. Huulizwa tu mtu asiyetaka kuja.

Kamati ilikubali kujaribu mwaka mmoja. Haifai kuficha matokeo. Fedha ilipungua, wala haikupungua kidogo. Mtunza hazina aliisoma jumla kwa sauti isiyo na furaha wala lawama, na watu waliokwisha kuzoea makofi walitazamana. Kwa upande wa pili, chakula kilizidi miaka yote iliyotangulia. Watu ambao zamani hawakuja kwa kuogopa kusomwa walikuja, kila mmoja na alicho nacho, na gari la parokia likaenda hospitali mara mbili. Hata hivyo hesabu mbili hizi hazilingani, na mwenye haki hawezi kusema kwamba maharage yametibu homa.

Mwaka uliofuata waliafikiana katikati. Jogoo na mikeka vilinadiwa kama zamani, kwa kicheko na kelele, kwa sababu anayenunua hutaka mwenyewe kuonekana, na kuonekana kwake hakumdhuru mtu. Bahasha za watoto hazikusomwa tena. Chakula kilikwenda hospitali. Mtunza hazina alisema kwamba bado anazihesabu dawa zilizokosekana, na mwalimu akamwambia kwamba naye anazihesabu. Mashauri yao hayajaisha hata leo, na pengine si vema yaishe. Maana shule inayoacha kuuliza namna ya kutoa huanza kutoa kwa mazoea.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo hutajwa karibu katika kila changizo, aghalabu na yule anayeshika orodha ya majina na kiasi mkononi. Kama ni kweli kwamba kutoa ni moyo, basi changizo lina kazi mbili: kukusanya kitu kwa ajili ya mhitaji, na kuulinda moyo uliokitoa. Kazi ya kwanza huonekana jioni ile ile kwa hesabu. Ya pili haionekani ila baada ya miaka, na mioyo iliyo hatarini zaidi ni ya watoto.

Siku chakula kilipopelekwa mara ya kwanza, mwalimu alifuatana na gari. Alishusha mkungu mmoja akaubeba begani mwenyewe mpaka wodini, ambako mwanamke mmoja asiye na jamaa alikuwa ameketi kitandani. Mwanamke aliutazama mkungu kwa muda, kisha akauliza, "Huu umetoka kwa nani?"

Kwa mujibu wa utaratibu aliouomba mwenyewe, ilimpasa kujibu kwamba umetoka shuleni. Lakini mkungu ule ulikatwa alfajiri katika shamba analolijua, na mwenye shamba, ambaye sasa alikuwa mzee asiyeweza tena kuupanda mlima, alikuwa amempa bila kuuliza utanadiwa au hautanadiwa.

Akajibu, "Umetoka kwa mama yangu."