Subira ya Gor Mahia

Kila mwaka, msomaji wangu, hunijia mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, naye ataka kuacha masomo. Simkemei, humsimulia habari za Gor Mahia, timu iliyoundwa mwaka 1968. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikafungwa na Canon ya Yaoundé jumla ya mabao 8 kwa sifuri katika michezo miwili. Aibu iliyoje! Lakini mwaka 1987 ilirudi fainali. Ilitoka sare na Espérance 2-2 mjini Tunis, kisha 1-1 Nairobi, ikatwaa kombe kwa wingi wa mabao ya ugenini. Basi nawe ukianguka, yahesabu makosa yako, wala usiihesabu miaka.